Chiriku na Habari ya Fundi Viatu

Jina la Chiriku hakupewa na mama yake. Alipewa na darasa zima la sita, kwa sababu alianza kusema kengele ya asubuhi ikilia na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue. Mwalimu akimtuma ofisini kuleta chaki, alirudi na chaki mbili na habari tatu.

Kila siku akitoka shuleni alipita njia moja. Alikata kona kwenye duka la nafaka, akafuata ukuta wa uwanja wa mpira, na pale penye lango akamwamkia fundi viatu. Fundi alikuwa na kibanda cha bati kisichozidi upana wa meza, sanduku la vifaa, na chuma cha kugongea viatu kilichofanana na mguu uliopinduliwa. Mara nyingi alikuwa amebana misumari midogo midomoni, kwa hiyo aliitikia salamu kwa kutikisa kichwa tu. Chiriku hakuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo.

Nyumbani aliishi na mama yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate na kurudi alasiri akinukia hamira, pamoja na mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi bomba, lakini watu walimjua zaidi kama beki wa kushoto wa timu ya mtaa. Uwanjani walimwita Ukuta. Chiriku mwenyewe mpira haukumwingia akilini hata kidogo. Aliona ni vumbi na makelele tu, na mzigo wa kufua uliomwangukia mama yake.

Juma hilo mtaa mzima ulikuwa na mazungumzo mamoja. Jumapili timu yao ingecheza na timu ya ng'ambo ya reli, wale wavaa njano. Mshindi angepanda daraja; mshindwa angebaki palepale mwaka mwingine. Hata majirani waliozoea kuulizana hali ya nyumbani sasa waliulizana kwanza hali ya goti la Ukuta.

Jumatatu mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani na kopo la vikaratasi. Kila kikaratasi kiliandikwa mtu mzima mmoja wa mtaani: kinyozi, nesi, muuza maziwa, dereva wa lori la taka. Kila mwanafunzi angechota kimoja, amwendee mtu huyo na kumuuliza swali moja tu: ulianzaje kuishabikia timu yetu? Habari tatu zilizo bora zingebandikwa Alhamisi katika ukumbi wa timu ili watu wazisome kabla ya mechi.

"Sitaki mambo ya kubuni," mwalimu alisema. "Nileteeni maneno ya mtu mwenyewe. Jumatano asubuhi nayataka mezani."

Chiriku alichota fundi viatu. Wenzake wakacheka, wakasema kasuku ametumwa kwa bubu.

Jioni hiyo alipita kibandani. Fundi alikuwa amezungukwa na njumu za timu nzima, jozi kumi na moja na za akiba. Aliposikia swali, alitoa misumari midomoni, akaiweka kifunikoni, akafikiri. Kisha akamwambia kwamba hilo si jambo la kusimuliwa huku mtu anagonga nyundo. Aje kesho saa kumi, naye atakuwa ameweka kazi chini. Chiriku akaitikia, akaenda zake.

Kesho yake, saa kumi, nyuma ya shule kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba kati ya darasa la sita na la saba. Chiriku alijiambia ataruka zamu moja tu. Zamu moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na darasa la saba walipokubali kushindwa, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Alipita mbio langoni pa uwanja. Kibanda kilikuwa kimefungwa.

Usiku ule alikaa mbele ya daftari. Angeweza kumwambia mwalimu ukweli, kwamba hakwenda. Lakini alikumbuka kicheko cha wenzake, na kalamu ikaanza kutembea yenyewe. Alikumbuka kwamba fundi hufuta viatu kwa kitambaa cha njano. Njano si ndiyo rangi ya wale wa ng'ambo? Basi akaandika kuwa fundi viatu alizaliwa ng'ambo ya reli, akacheza kule ujanani, akafunga mabao mengi, kisha akahamia huku na kuishabikia timu ya mtaa kwa sababu ndiyo inayompa kazi. Kwa utamu wa mwisho akaongeza: "Lakini moyoni, bado nakumbuka rangi yangu ya kwanza." Aliisoma mara mbili. Akaona imependeza.

Mwalimu naye aliiona imependeza. Aliisoma mbele ya darasa, akashusha karatasi, akamtazama Chiriku juu ya miwani.

"Haya ndiyo aliyokuambia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Uongo wa kwanza aliuandika, huu wa pili ukamtoka mdomoni, na ulitoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe.

Alhamisi habari tatu, ya Chiriku ikiwemo, zilibandikwa ukumbini bila majina ya walioziandika. Jioni ile timu ikafanya mazoezi, wengi kwa viatu vya kawaida kwa kuwa njumu zao zilikuwa bado kwa fundi. Ukuta alikimbia kuokoa mpira pembeni, akageuka ghafla, na soli ya njumu yake ya kushoto ikafunguka kama mdomo wa mamba. Alianguka vibaya, akainuka akichechemea. Pengine ingeishia hapo. Lakini nje ya mstari walikuwepo watu waliotoka kusoma ukutani, na mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini njumu hizo zimeshonwa na nani. Mwingine akamjibu. Wa tatu akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla giza halijaingia, mtaa mzima ulikwisha kujua kwamba fundi viatu ni mtu wa ng'ambo na kwamba analegeza soli kwa makusudi.

Chiriku hakuyajua hayo mpaka Ijumaa asubuhi. Alipokaribia lango la uwanja aliona watu wamekizunguka kibanda. Katibu wa timu, mwanamume mnene mwenye kalamu sikioni, alikuwa akizitia njumu ndani ya gunia jozi kwa jozi. Mama mmoja alichomoa kiatu cha mwanawe chini ya sindano, uzi ukining'inia, akasema atakishona mwenyewe. Fundi alikuwa amesimama, mikono imelegea ubavuni. Kumwona amesimama tu kulitosha kumtisha Chiriku, maana alizoea kumwona ameinama juu ya kazi.

"Umesema mwenyewe, mzee," katibu alimwambia. "Maneno yako yapo ukutani, kila mtu ameyasoma."

"Nimemwambia nani?" fundi aliuliza.

Fundi akawatazama waliokuwapo, uso kwa uso, mpaka macho yake yakamfikia Chiriku, amesimama nyuma na mkoba begani. Yakatulia hapo. Chiriku alingoja kidole kinyooke kumwelekea yeye. Lakini fundi aliondoa macho polepole, akainama, akaanza kuokota misumari iliyomwagika.

Siku hiyo Chiriku hakusema neno darasani, na jirani yake wa dawati akamuuliza kama ana homa. Wakati wa mapumziko alitoroka, akakimbia hadi ukumbini, akaibandua karatasi yake na kuichana vipande. Alipotoka alipita mbele ya kinyozi. Kinyozi alikuwa akimsimulia mteja habari ileile, wembe mkononi, naye ameshaitia chumvi: sasa fundi alikuwa na ndugu watatu katika timu ya njano. Chiriku akaelewa kwamba karatasi ameiondoa, lakini maneno yana miguu myepesi kuliko yake.

Baada ya shule alikwenda kibandani. Alipita mara ya kwanza bila kusimama, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu akasimama. Fundi alikaa mbele ya sanduku lililofungwa. Hapakuwa na kiatu hata kimoja. Mbele yake palikuwa na kigoda ambacho Chiriku hakuwahi kukiona pale.

"Kaa," fundi alisema. "Jumanne nilikiazima duka la nafaka, kwa ajili yako. Nilikungoja mpaka wakafunga duka."

Chiriku hakuweza kukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, kamba, daftari, kitambaa cha njano, na maneno yakatoka vipande vipande kama ya mtu asiyejua kusema. Fundi alikichukua kitambaa, akakitazama kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Akasema ni kipande cha pazia kuukuu la nyumbani kwake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomliza Chiriku.

"Asubuhi ulikuwa unajua ni mimi," alisema. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangekugeukia wewe. Mimi niliwahi kuwa mgeni hapa, najua kutazamwa vile kunavyouma. Wewe mtoto, hujui."

Chiriku akafuta machozi, akamwomba amweleze habari ya kweli, ataiandika upya usiku huohuo. Fundi akatikisa kichwa.

"Kwanza kairudishe ile ya uongo. Yangu haiozi, utaikuta."

Nyumbani mama alikuwa akijisuka nywele mlangoni, na mjomba ameketi ndani, goti limefungwa bandeji. Chiriku aliwasimulia. Alitazamia kofi. Mama aliweka kitana chini, akasema jioni hiyo timu inakutana ukumbini kugawana jezi, na wao wawili watakwenda. "Ulimi wako ulikwenda bila kuniaga," alisema. "Leo utaufuata kwa miguu yako, nami nitakuwa nyuma yako." Mjomba alikuwa akiishikashika ile njumu iliyofunguka, macho sakafuni.

Ukumbi ulikuwa umejaa wachezaji, wazee wa timu na mashabiki waliobanana madirishani. Katibu alikuwa akisema kwamba njumu zitapelekwa kwa fundi mwingine mjini, ingawa hakuna aliyejua kama zitawahi. Mama akainua mkono, akaomba binti yake apewe nafasi. Watu wakageuka. Chiriku, aliyezoea kusema mbele ya yeyote, alishika kwanza ukingo wa nguo ya mama yake.

"Ile habari ya fundi viatu niliiandika mimi," alisema. "Hakuniambia hata neno moja. Aliniita nikamsikilize, nikaenda kucheza. Nilibuni yote. Hajawahi kucheza ng'ambo, na kile kitambaa ni pazia."

Mtu fulani dirishani akasonya. Mzee mmoja akauliza mtoto huyu ana adabu gani. Kisha kijana mmoja akasema haya, habari ni uongo, lakini soli je? Soli haikufunguka kwa karatasi. Minong'ono ikaanza upya, na Chiriku akaona jambo limemponyoka tena, safari hii mbele ya macho yake.

Ndipo Ukuta aliposimama, kwa taabu, akiegemea kiti, ile njumu mkononi.

"Soli ni kosa langu," alisema. "Fundi aliniambia gundi ikae siku mbili. Mimi nilikuwa na haraka ya mazoezi. Alipokwenda kunawa mikono, nikazichukua njumu zangu siku ileile. Niliposikia mnamlaumu yeye, nikanyamaza, kwa sababu ni rahisi alaumiwe mtu mwingine. Mtoto huyu amenitangulia kwa uanaume."

Watu wachache walicheka kwa neno hilo, kisha wakaacha. Kocha wa timu alimtazama katibu. Katibu akachomoa kalamu sikioni, akairudisha, hakujua pa kuiweka. Mwishowe akajitwisha gunia la njumu begani yeye mwenyewe, akatoka, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Fundi alikuwa akifunga kibanda. Katibu alitua gunia, akasema wamemkosea, akaanza hotuba ndefu. Fundi alimsikiliza kidogo, kisha akauliza iko wapi ile ya kushoto iliyofunguka. Ukuta akampa, naye akaigeuza kwenye mwanga wa mwisho, akabonyeza ukingo. Akasema gundi haitakauka kufikia Jumapili. Hii sasa ni ya kushonwa kwa mkono, mzunguko mzima. Waje kesho mchana.

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuja na daftari, akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakaa saa mbili bila kumkatiza mtu. Fundi alishona huku akisimulia, akitoboa ngozi kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti, akivuta uzi kwa mikono miwili.

Alisema alifika mtaani akiwa kijana, hamjui mtu na hajulikani. Alikaa hapo langoni kwa sababu ndipo pekee ambapo hakufukuzwa. Mpira hakuupenda wala hakuuchukia. Watu walimletea viatu na kuondoka. Mwaka ukaisha bila mtu kumuuliza anatoka wapi. Kisha siku moja, mechi ikiendelea, mpira ukapasuka mshono, na timu haikuwa na mwingine. Mtu akapiga kelele kwamba nje kuna fundi. Wakamleta na vifaa vyake hadi kwenye mstari. Akashona huku wachezaji wa pande zote mbili wamemzunguka, uwanja mzima kimya, jasho likimdondokea kwenye ngozi.

"Nikawarudishia mpira, mechi ikaendelea," fundi alisema. "Nikataka kuondoka, miguu ikakataa. Kila ulipopigwa, niliona wamenipiga mimi. Sikumtazama mchezaji hata mmoja, mwanangu. Nilikuwa nashabikia mshono wangu."

"Ukakatika?"

"Haukukatika. Tulifungwa mabao mawili, lakini haukukatika. Mwisho wa mechi mtu mmoja akaja, akaniuliza, Fundi, kesho upo? Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kesho nipo. Tangu siku ile, wakicheza, nami nacheza."

Chiriku aliandika neno kwa neno. Alipomaliza alimsomea, na fundi akamrekebisha mahali pamoja: ilikuwa alasiri, si asubuhi.

Jumapili Chiriku alikwenda uwanjani kwa hiari yake kwa mara ya kwanza. Alisimama na fundi karibu na mstari. Hakujua sheria nyingi, lakini miguu ya mjomba wake aliijua, na kila mjomba alipogeuka ghafla upande wa kushoto, Chiriku alibana pumzi. Soli ilishika. Dakika zilikwenda bila bao. Wavaa njano wakashambulia, Ukuta akaokoa, wakashambulia tena, akaokoa tena, akichechemea. Zikiwa zimebaki dakika saba, mpira ukamgonga mchezaji wa timu ya mtaa gotini, ukabadilisha njia, ukaingia wavuni mwao wenyewe taratibu, kama mtu anayerudi kwake.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Chiriku alishangaa kukuta analia, na kwa ajili ya timu ambayo juma moja nyuma aliiona ni vumbi tu. Fundi alimtazama pembeni.

"Basi umeshakuwa wa hapa," alisema. "Wengi wetu tuliingia siku ya kufungwa."

Jumatatu kibandani palikuwa na viatu tena. Si wote waliorudi. Yule mama wa kiatu cha uzi unaoning'inia alipita upande wa pili wa barabara kwa siku kadhaa, kwa aibu, na kinyozi alimwambia kila mteja kwamba yeye tangu mwanzo hakuamini.

Shuleni mwalimu aliisoma habari mpya akiwa peke yake, kisha akamwita Chiriku ofisini. Alimwambia kwamba hatampa alama, si ya juu wala ya chini, kwa sababu habari hiyo ililipiwa na mtu mwingine. Kisha akavua miwani.

"Nami nina kosa langu. Niliibandika ukutani bila kumuuliza mwenyewe. Tumepata somo wawili, wewe na mimi. Ukitunga hadithi, tunga upendavyo, hakuna atakayekukataza. Lakini ukiandika habari za mtu, umebeba jina lake, na jina la mtu ndilo linalompa riziki na usingizi. Ukiona uvivu kwenda kumsikiliza, nyamaza. Kunyamaza si dhambi. Kumsemea mtu ambaye hukumsikiliza, huko ni kumwibia."

Chiriku akaitikia kwa sauti ndogo. Mwalimu akamrudishia karatasi, akamwambia aipeleke kwa fundi viatu, na kama yeye mwenyewe atakubali, ndipo ibandikwe.